Trela Yenye Milango Miwili

Barani, Malindi
3 Februari 2025

Kwa Sumeiya,

Assalaam aleykum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Ile juzi, baada ya hitma ya marehemu mume wetu Abdulhadi, mimi nilikata na wewe ukakata, sijui nani alitangulia. Karatasi angalau haipandishi sauti, na ukinitukana nitaisoma tena nikishapoa.

Jambo lenyewe ni trela yake. Najua unaijua. Thoya, yule fundi wa vyuma wa huku kwetu, amemtuma mkewe Purity aje kuniuliza, maana mimi niko eda kama wewe na yeye ni mwanamume, hawezi kuingia. Chesesi, ile fremu ya chini, iko tayari, zile tairi pana za kupita kwenye mchanga na mawe ziko tayari, na bodi yake yenye umbo la tone la maji imeshafungwa. Abdulhadi alishalipa kila kitu. Kilichobaki ni vya kuweka ndani na nje: kitanda, jiko la nyuma, tangi la maji, taa, turubai la kivuli, na hema la kufunga juu ya paa. Fundi anataka kujua nani sasa wa kuamua.

Nilimwambia ni mimi. Kisha shemeji Gharib akapiga simu akasema hapana, ni mali ya warithi wote, na mimi na wewe tukifika mwisho wa eda hatujaafikiana, ataiuza. Ana mteja tayari, mwenye kambi ya watalii. Unamjua Gharib, akishamwona mteja hasikii tena la mtu.

Sasa nisikilize. Abdulhadi aliniahidi kunipeleka Mto Galana na trela hiyo. Maisha yake yote amepima mashamba ya watu huko bara, akirudi na hadithi za tembo na fisi, nami nikimpikia na kumsikiliza. Nimekaa naye miaka thelathini na sijawahi kulala mahali nisipomsikia mwadhini wa Barani. Naitaka safari ile. Ndicho kitu pekee alichoniachia ambacho hakijaisha. Kwa hiyo naomba uniachie. Wewe ungali kijana, utapata mengine.

Nimeshamwambia Purity jiko liwe la gesi, la meko mawili, na kando yake pawe na nafasi ya mbuzi ya kukunia nazi. Wali mkavu sili, hata porini.

Zuleikha, mke mkubwa


Mnarani, Kilifi
11 Februari 2025

Dada Zuleikha,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Thoya alikuja Kilifi kuchukua mbao, akampa jirani, jirani akanipa mimi. Nimefurahi kupata kitu cha kusoma. Nyumba hii sasa namsikia hata mjusi akitembea.

Dada, na mimi aliniahidi Galana. Alikuja na ramani yake ya zamani, akaitandaza sakafuni, akanionyesha kwa kidole mahali ambapo angeegesha. Akaniambia viboko hutoka majini jioni, na mtu akinyamaza huwasikia wakitafuna majani. Nikamuuliza, na Bi Zuleikha je? Akacheka, akasema wewe huwezi kupata usingizi bila kitanda chako. Basi nikajua ni safari yangu.

Kwa hiyo sikuachii. Lakini kuuzwa pia sitaki. Niliposikia habari ya mteja roho iliniruka. Tuandikiane, tukubaliane kimoja kimoja, tusimpe shemeji Gharib sababu.

Jiko la gesi sawa, na mbuzi ya nazi sawa. Mimi naomba springi ziwe laini, isiturusherushe. Tangi la maji liwe kubwa, bomba lake liwe chini, mtu asiiname wala asichuchumae sana. Neti kwenye madirisha yote. Na friji ndogo ya sola, tafadhali, hiyo usininyime.

Halafu nina swali. Kitanda cha ndani Thoya alimwambia jirani ni cha watu wawili. Hilo hema la paa ni la nani?

Mdogo wako,
Sumeiya


Barani
20 Februari 2025

Sumeiya,

Aka! Friji porini? Tunakwenda kulala au kufungua duka la barafu? Na springi laini! Barabara ya kupita Marafa haina huruma na mtu, Thoya mwenyewe amemwambia mkewe kwamba kitu laini huko kitarudi vipande vipande. Mtu wa kutaka ulaini akae kwake juu ya godoro.

Umeuliza hema la paa. Na mimi nimeuliza. Purity amekwenda, amerudi, ananiambia: hema ni la mtu mmoja, na lina ngazi. Basi nimeelewa, sihitaji kuchorewa. Kitanda cha wawili chini, kihema cha mtu mmoja juu. Wawili wa chini ni yeye na wewe. Mimi, kwa magoti haya, nipande ngazi nikalale juu kama mzigo wa makuti. Alipokuambia siwezi kulala bila kitanda changu alikuwa anakuficha. Alishanipangia pa kulala.

Nimekaa na hilo moyoni wiki nzima.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, na mimi nikuambie wa kwangu. Alikuoa ili umzalie. Mimi mwenyewe nilimruhusu, nikameza mate, nikasema potelea mbali, angalau nyumba ya Abdulhadi itasikia kilio cha mtoto. Miaka sita sasa. Mbona sijaalikwa akika?

Auze tu huyo Gharib. Sina haja tena.

Zuleikha


Mnarani
6 Machi 2025

Dada Zuleikha,

Ramadhani karimu. Shikamoo.

Neno lako la akika nimelisoma. Nimeliweka. Sitalijibu.

La hema nitalijibu, maana hapo umenishangaza. Mimi nilidhani hema ni langu! Nilijiambia, mke mkubwa na mumewe chini kitandani kwa heshima yao, na bi mdogo apande ngazi kama kuku. Nilikasirika hata nikataka kuichana ile ramani. Kwa hiyo sote wawili tumelala juu ya paa bila kupandishwa na mtu.

Naomba usimwambie Gharib auze. Tumuulize Thoya kwanza. Mwanamume humwambia fundi wake mambo ambayo mkewe hayapati. Mtume Purity amwambie aandike alichoagizwa, chote, atutumie sote wawili barua ya aina moja, asimpendelee mtu.

Friji bado naitaka.

Sumeiya


Barani
14 Machi 2025

Kwa mama zangu wawili, Mama Zuleikha na Mama Sumeiya,

Shikamooni. Mimi ni Thoya. Kuandika si kazi yangu, mtanisamehe. Purity amesema nisipoandika leo nisile.

Mzee alikuja kwangu mara nyingi wakati wa kuijenga hii trela. Alikuwa akikaa juu ya tairi anapiga hadithi. Siku moja akanichorea milango. Nikamwambia, mzee, mlango mmoja unatosha, wa pili ni kazi bure na maji ya mvua yatapata pa kuingilia. Akakataa. Akasema miwili, mmoja kila upande, ili wanaolala wasirukane wakitaka kutoka. Akaandika kwa chaki kwenye bati. Upande wa kushoto ZULEIKHA. Upande wa kulia SUMEIYA. Chaki ilifutika nilipopiga rangi ya kwanza, lakini niliiona kwa macho yangu.

Nikamuuliza, sasa wewe mzee utalala wapi? Akanionyesha paani. Nikacheka. Nikamwambia, mtu ana wake wawili na anakwenda kulala juu peke yake kama kunguru? Hakukasirika. Aliniambia hivi: "Thoya, miaka sita nimeishi kwa zamu. Huku usiku wangu ni wa fulani, kule ni wa fulani, na kote nafika kama mgeni na mfuko wangu mkononi. Nataka safari moja tu ambayo si zamu ya mtu. Nikilala juu hakuna wa kuniuliza."

Nikamuuliza kama mama zangu wanajua kwamba watakwenda pamoja. Akasema bado, anatafuta ujasiri. Kila mmoja amemwambia nusu. Alisema angewaambia Idd ikikaribia, watu wakiwa na moyo mzuri. Mulungu akamwita kabla.

Ni hayo. Nilinyamaza kwa sababu hamkuniuliza, na habari za mtu na wake zake si za kusemwa ovyo. Springi ninazo za aina ambayo kila gurudumu linajitegemea, si ngumu na si laini ya kuvunjika. Naomba kujua kama hema niliweke au nisiliweke. Mulungu awape nguvu.

Thoya wa Gona


Barani
2 Aprili 2025

Sumeiya,

Idd mubarak. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nacheka, na nikimaliza kucheka nalia.

Juu ya paa! Yule mzee, na mgongo ule! Angepanda ngazi na nani angemshusha? Ingetubidi tumshushe mimi na wewe, mmoja kashika mguu mmoja kashika mwingine. Wallahi nampenda na ningempiga kofi.

Nami nilikuwa nikimhesabia zamu. Akirudi kwangu jioni badala ya asubuhi namnunia. Sikujua kwamba huo mfuko wake ulikuwa unamchosha hivyo. Wewe je, ulijua?

Lile neno la akika nalirudisha. Halikuwa la kuandikwa wala la kusemwa, na wewe huna kosa. Nisamehe.

Hema nimesema lisiwekwe. Badala yake Thoya atafunga reli za kubebea mizigo. Friji nimekubali. Ndiyo, nimekubali, usicheke. Taa ziwe mbili za kusomea, kila mtu na swichi yake, maana mimi hulala mapema. Turubai la kivuli liwe la kukunjua upande wangu, jua la jioni litapiga huko. Na ile rangi ya kijivu aliyoitaka mzee siipendi, nataka kijani kibichi. Wewe unasemaje?

Eda yetu inakwisha siku moja, mwezi ujao. Twende wiki hiyo hiyo, kama mvua hazitakuwa zimeharibu njia. Thoya na Purity watatuvuta na pikapu yao. Nimeshaanza kuchagua sufuria.

Zuleikha


Mnarani
19 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nilishakusamehe kabla hujaomba.

Sikujua. Kwangu alikuwa akifika ananiambia njia ilikuwa nzuri. Kila mara njia ilikuwa nzuri. Sasa najiuliza.

Kijani kibichi sawa. Naomba ngazi ndogo ya kukanyagia kwenye milango yote miwili, na mishikio ya kujivutia ndani. Kwenye rafu juu ya kitanda pawe na ukingo, vitu visimwangukie aliyelala. Godoro lisiwe la kuzama. Thoya ameniandikia kwamba betri itavumilia friji na feni pamoja, kwa hiyo nimeongeza feni, utanisamehe na hilo.

Safari, dada, tangulia wewe. Mwezi ujao mimi sitaweza. Nenda na Purity, ukae mtoni siku utakazo, uniandikie uliyoyaona. Mimi nitakwenda siku nyingine, Mungu akipenda. Usiniulize sababu sasa.

Mdogo wako,
Sumeiya


Barani
27 Aprili 2025

Sumeiya,

Sababu naijua. Unanionea haya. Kuandikiana ni rahisi, kukaa na mimi kwenye chumba kimoja na kusikia nikikoroma ni kitu kingine. Au shemeji amekufikia, amekuahidi fungu lako likiuzwa. Yote sawa.

Mimi sikuwa na haja ya kwenda na Purity. Purity ana mumewe. Nilitaka kwenda na mtu ambaye na yeye alimngoja yule mzee dirishani. Hakuna mwingine duniani ila wewe, na imenichukua muda wote huu kuliona.

Nitamwambia Thoya asimalize.

Zuleikha


Mnarani
8 Mei 2025

Dada Zuleikha,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, usiisome hii umesimama.

Nina mimba. Nilijua baada ya mazishi, wiki ya kwanza ya eda. Nilidhani ni huzuni, kumbe si huzuni peke yake. Abdulhadi hakujua. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba alikwenda bila kujua. Mkunga anasema nitajifungua Agosti au mwanzo wa Septemba. Na unajua eda ya mwenye mimba. Yako ni miezi minne na siku kumi, yangu mpaka nijifungue. Utatoka, mimi nitabaki humu ndani. Ndiyo sababu sitaweza. Hakuna nyingine, na Gharib hajaniahidi kitu.

Springi laini, dada, hukujiuliza? Maji mengi, bomba la chini, ukingo wa rafu? Na friji, kwa sababu miezi ile kitu pekee kilichokuwa kikikaa tumboni ni maji baridi ya ndimu. Nilikuwa nikijipangia safari na mtoto, na sina wa kumwambia.

Barua yako ya akika ilinifika nikiwa tayari najua. Nilikuwa na jibu mkononi. Ningekuandikia mstari mmoja ningekushinda, na nisingeweza tena kukurudisha. Nikaona heri ninyamaze mpaka nipate namna ya kukuambia isiyokuumiza. Sikuipata. Nimekuambia hivi hivi.

Gharib nimemwambia jana. Hafurahi, lakini amekubali kwamba mirathi haiwezi kukamilika kabla mtoto hajazaliwa, na trela haiuzwi sasa. Kwa hiyo ni yako kwenda nayo. Nenda Galana, dada. Ulimngoja miaka mingi kuliko mimi.

Kama hutaki kuniandikia tena, nitajua na sitakulaumu.

Sumeiya


Nje ya lango lako, Mnarani
20 Mei 2025

Sumeiya,

Barua hii haijasafiri. Naiandika juu ya paja langu, ndani ya pikapu ya Thoya, nje ya lango lako la mabati. Purity ndiye atakayekuletea. Mimi nimeogopa kubisha. Mtu mzima mimi, naogopa mabati.

Barua yako nilipoimaliza nilimwambia Purity aende zake. Sikufichi, wivu ulinishika. Kitu hicho nilikiomba tangu nikiwa bibi harusi, nikakiomba mpaka nikaona aibu kumkumbusha Mungu. Halafu nikamlilia yule mzee. Halafu nikakufikiria wewe, peke yako humo ndani, unatapika bila wa kukushikia kichwa, na huku unaniandikia habari za bomba. Na mimi nikikujibu habari za duka la barafu! Moyo uliniuma, Sumeiya.

Eda yangu imekwisha juzi. Jana nimekwenda karakana nikaiona kwa mara ya kwanza. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ni nzuri. Nililala ndani kidogo, upande wa kushoto, Thoya na Purity wakajitia kupanga spana. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, na nikajua kwamba hivyo siendi popote. Galana haihami. Itatungoja mpaka mtoto aweze kukaa.

Kwa hiyo nimemwambia Thoya aivute mpaka huku. Miaka sita nilijua siku zote alizokuja kwako, lakini nyumba yako sikuijua. Tumeuliza njia mara mbili.

Sasa nisikilize, na unijibu kweli. Naomba nafasi uani kwako. Nitalala kwenye trela, sitakuingilia nyumba yako. Nina jiko langu na mbuzi yangu ya nazi. Nitakupikia, nitakwenda sokoni usikoweza kwenda, na siku ikifika nitakuwepo. Mtoto nitamshika nikipewa. Nisipopewa nitamwangalia tu. Ukikataa sitakasirika, Thoya atageuza gari turudi Barani, na nitaendelea kukuandikia.

Mwenzako,
Zuleikha


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Dada,

Lango halina kufuli, lisukume. Trela Thoya aiweke popote anapopenda. Lakini wewe usilale uani, njoo ulale ndani, chumbani kwangu. Usiku naogopa.

Sumeiya